Bonyeo la Paa na Mikono ya Jirani



Gari hapa ughaibuni si anasa. Ndilo linalotufikisha kazini alfajiri, ndilo linalobeba masufuria ya pilau siku ya harusi, na wazee wetu siku ya maziko. Kwa hiyo likipata alama, hata ndogo, nyumba nzima huijadili. Letu lilipata yake Oktoba iliyopita: upepo wa usiku ulivunja tawi la mti, na asubuhi tukakuta paa limebonyea upande wa nyuma, upana wa milimita 30 hivi. Rangi ilikuwa nzima.

Mama watoto alisema tuliache. Tukapiga hesabu. Tukidai bima, pauni 250 za mwanzo tunalipa wenyewe, na punguzo la miaka yote ya kutodai linapungua. Gereji tuliyoiuliza ilitaka kujaza shimo na kupuliza rangi paa zima kwa pauni 400. Kijana wetu, ambaye yuko mwaka wa kwanza wa uhandisi, alikuwa na dawa aliyoisikia kwa wenzake: bati lipashwe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha lipigwe na baridi kali, litaruka lenyewe.

Tukamketisha mezani na kalamu. Chuma hutanuka kiasi cha sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kipande cha milimita 30 kikipanda nyuzi 50, kinatanuka milimita 0.018. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Bampa ya plastiki hulainika kwa joto, ndiyo maana dawa hiyo imepata sifa, lakini paa la chuma ni jambo jingine. Bati lake halifiki milimita 1. Ukilisukuma kidogo hurudi kama rula. Ukilisukuma kupita kikomo chake, hubaki pale pale. Tena pembezoni mwa shimo huinuka ukingo mdogo, ambao macho hayauoni upesi, nao ndio unaolifunga shimo lisirudi.

Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa Baba, sababu tumeijua. Sasa nani atalitoa?"

Tukanyamaza. Tulikuja Coventry mwaka 1993 kusoma uhandisi wa mitambo, na tangu hapo mikono yetu imeshika kalamu na kompyuta. Kwetu Dar es Salaam tungekwenda Gerezani, tukakalia ndoo iliyopinduliwa, fundi akanyoosha bodi tukimtazama. Hapa tulidhani watu wa namna hiyo wamekwisha.

Hawajakwisha. Mji huu uliishi kwa magari. Jaguar waliacha kuunda magari Browns Lane mwaka 2005, na gari la mwisho la Peugeot likatoka kiwanda cha Ryton Desemba 2006. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa Ryton mpaka siku ile. Kazi yake ilikuwa kusahihisha bodi zilizopata dosari. Tumepakana naye miaka 12, na mazungumzo yetu yalikuwa ya mvua na jua. Mkewe alipofariki tulimpelekea chakula. Alishukuru mlangoni, mlango ukafungwa.

Siku ile alituona tumezunguka gari. Akaja bila kuitwa, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya paa. Kisha akarudi kwake akaleta sanduku.

Kwanza alitufanya tutoe waya za betri na kungoja, kwa sababu kwenye kingo za paa, nyuma ya kitambaa, hukunjwa mifuko ya hewa ya usalama. Mtu asiyejua akivuta kitambaa kwa nguvu anaweza kujiumiza vibaya. Halafu akakishusha kitambaa upande wa nyuma tu, akapenyeza fimbo ya chuma iliyopindwa ncha. Juu ya paa akasimamisha taa yenye mistari. Penye bati sawa, kivuli cha mistari hunyooka. Penye shimo, hupinda. Alisukuma kidogo kutoka chini, akagonga ukingo kidogo kutoka juu kwa kijiti cha plastiki, akatazama, akarudia. Mara mia, labda zaidi.

Baada ya saa moja akampa kijana fimbo. "Usitazame shimo," alimwambia, "tazama mistari." Kijana akasukuma kwa pupa, kikatokea kipele. Mzee hakusema neno. Alikigonga kikashuka, akamrudishia fimbo.

Ilichukua saa nne. Jua likiwa chini, ukisimama upande wa kushoto, bado utaona kama alama ya kidole. Tulitaka aimalize. Alikataa: bati lilikwisha kutanuka pale, na kulisukuma zaidi ni kulitanua zaidi. Fundi hujua pa kuachia.

Pesa pia alikataa. Mama watoto akamwita ndani, na mara hii aliingia. Mezani, mbele ya biriani, alitueleza kwamba tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyemwuliza habari za sanduku lile, na kwamba mwanawe anayeishi mbali alishauri vyuma vile vitupwe atakapohamia nyumba ndogo. Alisema hivyo kama anayesoma bei za dukani. Kijana wetu aliacha kula.

Sasa kila Jumamosi kijana yupo kwenye banda la mzee, wananyoosha mlango mkuukuu walioununua kwa vyuma chakavu. Chuoni hufundishwa kikomo cha chuma kwa mchoro. Bandani anakisikia kwa vidole. Nyumba ya mzee imekwisha tangazwa kuuzwa, kwa hiyo hatujui Jumamosi zimebaki ngapi. Sanduku tumeambiwa tutengeneze rafu yake.

Ndugu zetu mlioko miji ya viwanda vilivyofungwa, mtaani kwenu huenda kuna sanduku kama hilo. Bisheni hodi kabla mwenyewe hajahama.