Ukungu wa Njombe na taa za gari lako
Ukitoka Makambako kwenda Njombe alfajiri ya Juni au Julai, ukungu hushuka hadi kwenye lami. Pembeni, wanafunzi wanatembea kwenda shule wakiwa na masweta yao ya rangi iliyokolea. Mzazi unayeendesha, zijue taa zako.

Fulu hapa haisaidii. Mwanga hugonga matone ya maji hewani na kukurudia machoni, ukabaki unaona ukuta mweupe. Anayekuja mbele naye unampofusha, na macho huhitaji sekunde kadhaa kurudia hali yake. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila sekunde gari hukata karibu mita 14.

Washa dimu, na taa za ukungu kama zipo. Hizo hukaa chini na kumulika kingo za barabara. Dimu huwasha pia taa nyekundu za nyuma, tofauti na taa za mchana ambazo kwa magari mengi huwaka mbele tu. Hazadi ziache kwa gari lililosimama. Ukitembea nazo, indiketa haieleweki.

Kabla ya kuondoka, futa taa zote, kisha kanyaga breki mwenzako akitazama nyuma. Na begi la mtoto lishonee mkanda wa reflekta.