Njia Sita Kichwani

Karatasi ya maelekezo tunayompa mgonjwa kabla ya EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, ni nusu ukurasa tu. Kwa miaka mingi ilianza na amri: "Fumua nywele zote, osha kwa sabuni, usipake mafuta." Niliikuta nilipoajiriwa kama fundi sanifu katika kliniki ya magonjwa ya mishipa ya fahamu hapa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa imepigwa kwa taipureta na kurudufiwa mpaka herufi zikafifia, na sikuona cha kuuliza. Kilichonihangaisha siku hizo kilikuwa mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa ya karatasi na kalamu za wino. Karatasi ilikwenda milimita 30 kwa sekunde, ukurasa mmoja kila sekunde 10, kwa hiyo kipimo cha nusu saa kilimaliza kurasa 180: mita 54 za karatasi inayojikunja sakafuni. Kalamu ikiziba, unaichokonoa kwa waya mwembamba huku mawimbi ya mgonjwa yanapita bila kuandikwa. Daktari alipekua bunda lile kwa kidole gumba, na akitaka kukitazama kichwa kilekile kwa mpangilio mwingine wa elektrodi, ilibidi mgonjwa apimwe upya. Kompyuta ilipokuja, mpangilio unabadilishwa hata mgonjwa akiwa ameshafika kwake. Watu wakiniuliza nini kimebadilika kazini kwangu, hilo ndilo wanalotarajia kulisikia.

Lakini kuna mahali kompyuta haikufika, napo ni pale chuma kinapogusa ngozi. Umeme wa ubongo, hadi unafika juu ya kichwa, ni makumi tu ya mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja. Mgonjwa anapoona nyaya zote zile huuliza, "Mtanipiga shoti?" nami humjibu kwamba yeye ndiye mwenye umeme, sisi tunausoma tu. Hans Berger, Mjerumani aliyeunasa kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1924 mjini Jena, alianza na wagonjwa waliokuwa na pengo katika mfupa wa fuvu, maana hapo kizuizi kimepungua. Sisi tunashughulika na mafuvu mazima, na elektrodi isiposhika vizuri, kinachoandikwa ni umeme wa ukutani wa herzi 50: utepe mnene mweusi, na nyuma yake huoni kitu.

Basi tunapima. Futikamba ileile ya mafundi cherehani, kutoka kibonde cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio. Tunagawa kwa asilimia 10 na 20, tunatia alama kwa kalamu ya nta, tunasugua ngozi, tunabandika elektrodi 21 kwa krimu nzito. Mpangilio huu ulichapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958, nao unatumika dunia nzima. Mchoro wake umebandikwa ukutani mwetu: kichwa kimetazamwa kutoka juu, pua mbele, masikio pembeni, wala hakina hata unywele mmoja.

Vichwa vinavyoingia mlangoni havifanani na hicho. Mwanamume aliyetoka kwa kinyozi hanisumbui. Mtoto hanisumbui kichwani, hunisumbua kwa usingizi: tunaomba akeshe ili alale kitandani kwetu, maana usingizi hufichua mengi, naye hulala fofofo ndani ya daladala na kushuka kituoni macho makavu. Huyo nampa kititia akipulize kwa dakika 3. Kama ana kile kifafa cha kuduwaa, mara nyingi huacha kupuliza ghafla, macho yameganda, na kwenye skrini mawimbi yenye miiba yanapita matatu kwa sekunde. Sekunde chache, kisha anaendelea na kititia chake.

Taabu ilikuwa kwa wanawake. Anakuja na rasta, na yebo yebo, na mitindo mingine ambayo majina yake hubadilika kabla sijayazoea. Rasta ni kutwa nzima ya kukaa kitini, na ni pesa. Nakumbuka mama mmoja wa Mbagala: "Dada, nimesuka juzi, na Jumamosi ni send-off ya mdogo wangu. Kweli haiwezekani mkanipima hivihivi?" Nikamwambia akafumue, nitampangia tarehe nyingine. Wapo waliorudi. Wengine hawakurudi, na mtu anayeanguka kifafa hahitaji sababu kubwa ya kutorudi. Nyumbani kuna shangazi aliyekwisha kusema ni mashetani, na mganga yuko karibu kuliko sisi. Kipimo chetu hakiponyi, na kikitoka safi hakimaanishi kwamba kifafa hakipo. Lakini humsaidia daktari kujua aina, na aina ndiyo inayochagua dawa: inayotuliza kifafa cha namna moja yaweza kuchochea cha namna nyingine. Kumrudisha mtu kwa sababu ya nywele hakukuwa jambo dogo.

Aliyetutoa hapo ni msusi. Ana saluni ng'ambo ya barabara, na asubuhi moja nilimpelekea binti wa chuo akamfumue upesi, maana alikuwa amekesha kama tulivyomwagiza na sikutaka kesha lile lipotee. Msusi akamrudisha mwenyewe, kamshika mkono, nywele zimefumuliwa kisha zimesukwa upya, twende kilioni ya haraka haraka. Nikaanza kulalamika. Akanikatiza: "Sasa dada, nikimwachia wazi zikasimama hivi, wewe ngozi utaipata wapi?"

Alikuwa ananiambia kitu ambacho vidole vyangu vilikuwa vinakijua siku zote. Nywele zetu zikifumuliwa hazilali pembeni kumpisha fundi. Hujikunja, huinuka, na kuisukuma elektrodi taratibu mpaka iachane na ngozi. Tulikuwa tukifunga bandeji kichwa kizima kuzikandamiza, na bado mgonjwa akipitiwa na usingizi, yaani pale hasa tunapomhitaji, elektrodi mbili tatu zimekwisha kung'oka. Ile sentensi ya kwanza ya karatasi ilikuwa inatuletea yaleyale tuliyokuwa tunayakimbia.

Nikampelekea mchoro wa ukutani. Aliuangalia kama anavyoangalia picha ya mtindo kwenye simu ya mteja. Elektrodi zimepangwa kwa mistari kutoka kwenye paji kwenda kisogoni: mmoja katikati, miwili kando yake, miwili mingine juu ya masikio. Mitano. "Basi njia sita," akasema, maana njia sita za kusuka huacha mistari mitano ya ngozi katikati yake. Tulipojaribu, ukinzani kati ya elektrodi na ngozi ulishuka chini ya kiloomu 5 karibu kila mahali, na ulibaki hapo mpaka mwisho wa kipimo. Daktari wetu si mtu wa maneno. Alizitazama namba, akaitazama rekodi, akauliza karatasi ya maelekezo itachapwa upya lini.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, mwanafunzi aitwaye Arnelle Etienne na wenzake walitangaza mwaka 2020 elektrodi walizoziita Sevo: vibanio vinavyojishika chini ya misuko, na nywele husukwa kwa kufuata mistari ya mpangilio wa Jasper. Nilimtafsiria msusi wetu habari ile yote. Akauliza wao wanatoza kiasi gani.

Vibanio hivyo hatuna. Tunaendelea na vikombe vya chuma na krimu. Karatasi mpya inaanza hivi: "Suka njia sita za kwenda nyuma, bila rasta, bila mafuta." Chini tumeongeza kwamba mwenye hijabu atapimwa na mwanamke, mlango umefungwa, na kwamba ndugu aje na video ya simu kama amewahi kumrekodi mgonjwa akianguka. Mwenye dredi hafumui kitu: natafuta ngozi baina ya dredi, na nikisogeza elektrodi upande wa kushoto nasogeza na ya kulia kwa kipimo kilekile, ili pande mbili zilinganishike.

Wivingi ya kushonwa bado imetushinda, kwa sababu chini yake kuna wavu. Huyo huvuka barabara asubuhi, msusi anafumua na kusuka zile njia sita, na kabla ya adhuhuri mgonjwa yuko kitandani. Gharama analipa mwenyewe. Nimeomba iingizwe kwenye bei ya kipimo, na jibu ninalopewa na uhasibu ni kwamba bima haina kifungu cha kusuka nywele.