Kwa Chemtai, Kabla Hujavuka Kwenda Kisiwa cha Kati

Kapsokwony

Mwanangu Chemtai,

Nyumbani mvua imekubali, mahindi yamefika magotini, na vitunguu vilipata bei nzuri Kitale. Mama yako amenisomea ujumbe wako kwamba wewe na walimu wenzako wa Lodwar mnataka kupanda kilele cha Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana. Nendeni, sikukatazi. Ila nisikilize kwanza.

Najua utanijibu kwamba umezaliwa Mlima Elgon na kilele cha Koitobos, mita 4,222, umeshafika. Kweli. Lakini Elgon ukichoka unageuka, unashuka kwa miguu yako mpaka penye watu. Kisiwani ziwa ndilo linaloamua utarudi lini.

Enzi zile nikichukua samaki wakavu Kalokol kuleta Kitale, nilivuka na wavuvi. Kisiwa chote ni volkano: mchanga mweusi unaochoma nyayo, mawe yanayoporomoka, na mashimo matatu yenye maji. Moja linaitwa Ziwa la Mamba, na si utani, mamba wanazaliana humo. Kupanda hakukutushinda. Tulipotaka kurudi, upepo wa mashariki ukainuka. Mzee wa mashua akatazama mawimbi, akafunga kamba, akasema tunalala. Kijana mmoja akanung'unika, hakuna aliyemjibu. Tulivuka upepo ulipotulia.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1934 wanaume wawili wa msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini cha ziwa hilohilo, upande wa Loiyangalani. Walikuwa wasomi, tena wenye vifaa. Hawakurudi, wala miili yao haikupatikana.

Basi msikimbilie mashua ya bei nafuu. Tafuteni mvuvi mzoefu wa Kalokol, na askari wa wanyamapori wa KWS wajue mnakwenda, maana kisiwa ni hifadhi ya taifa. Kila mtu avae jaketi la kujiokoa. Bebeni maji, kwa kuwa ya ziwa yana magadi, na chakula cha siku moja zaidi. Mvuvi akisema leo hapana, msimbishie, hata kama Jumatatu mna vipindi. Mwalimu mkuu atanuna, kisha atasahau. Nanyi walimu mnaochungulia barua hii, yanawahusu pia.

Nipigie simu kabla ya kuingia mashuani, unitajie jina la mwenye mashua.

Baba yako mkubwa