Baiskeli Isiyo na Kiti

Swali la kwanza kila mtu huuliza ni kiti kiko wapi. Soja wa ploti yetu aliuliza. Mtoto wa jirani aliuliza, kisha akaizunguka baiskeli mara mbili akikitafuta. Jamaa wa boda pale steji alicheka akaniambia, "Msee, wamekuibia kiti na hujajua."

Hakuna kiti. Fremu haina hata tundu la kukichomeka. Hii ni baiskeli ya trials, na imetengenezewa mtu anayesimama juu ya pedeli mwanzo hadi mwisho. Huwezi kwenda nayo tao. Huwezi kubeba mtu wala mtungi wa maji. Kazi yake ni kupanda juu ya vitu: mawe, kuta, magogo, kingo za mitaro, bila kuweka mguu chini. Kwenye mashindano, mguu ukigusa chini unaadhibiwa. Hapa Kahawa West hakuna mashindano, kwa hivyo mguu ukigusa chini unasikia tu watoto wakisema "aaiii" kwa pamoja.

Ninataka kueleza vile fremu hii mpya inavyoendesheka. Lakini siwezi kuanza nayo. Lazima nianze na ile iliyovunjika.

*

Mchezo huu ulizaliwa Catalonia, Hispania, kwa watu wa trials za pikipiki. Pere Pi alikuwa mwendeshaji wa pikipiki. Mwanawe, Ot Pi, akawa bingwa wa dunia wa baiskeli. Mimi sikuyajua hayo. Mimi nilimjua Danny MacAskill tu, kijana wa kisiwa cha Skye, Scotland, aliyekuwa fundi wa baiskeli mjini Edinburgh. Video yake ya 2009 ilinifikia miaka mingi baadaye, kwenye simu ya binamu yangu, nikiwa fomu two. Kuna mahali anapita na baiskeli juu ya uzio wa vyuma vyenye ncha. Niliirudisha hapo mpaka bando la binamu likaisha. Tuligombana.

Fremu yangu ya kwanza ilitengenezwa Kariobangi Light Industries. Nilimpelekea fundi mmoja mzee baiskeli ya mtumba, mauntini ya chuma, pamoja na picha niliyochapisha kwenye saiba. Aliitazama picha muda mrefu. Akauliza, "Huyu anakalia nini?" Nikamwambia hakalii. Akasema sawa, akawasha mashine.

Alikata bomba la juu akalishusha. Akafupisha vyuma vya nyuma ili gurudumu lisogee karibu na kranki. Akaongeza kipande pale shingoni, foki inapoingia, kwa sababu alisema hapo ndipo nitapiga sana. Alinitoza elfu tatu na mia tano, na chai. Niliiendesha miaka minne. Nilijifunza nayo kusimama bila kusonga, kuruka kwa gurudumu la nyuma, kupanda mawe mawili ya ndarugu, kisha matatu, kisha manne.

Ilivunjika shingoni. Nilikuwa juu ya ukuta wa mjengo uliokwama nyuma ya mtaa wetu, futi nne hivi, nikashuka kwa gurudumu la mbele kama nilivyokuwa nimeshuka mara mia. Usukani ulibaki mkononi mwangu. Baiskeli ilienda kwake.

Nilivunja kifundo cha mkono wa kulia. Plasta wiki sita, halafu mazoezi ya kukunja vidole. Mimi hulipwa kwa kuandika, maelezo ya bidhaa za watu, makala za kampuni, chochote kinachokuja mtandaoni. Wiki hizo niliandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, na wateja wawili wakapotea. Mama alilipa hospitali na pesa za chama, zamu yake iliyokuwa imengojewa mwaka mzima. Hakunigombeza. Aliniambia tu, tukiwa kwa matatu ya kurudi nyumbani, "Hiyo baiskeli sasa imekwisha, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

*

Fremu mpya ilikuja Desemba ndani ya sanduku la binamu huyo huyo, ambaye siku hizi anafanya kazi Uingereza. Si mpya kabisa. Mwenyewe alikuwa ameichoka. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi mitano, Sh52,000 kwa jumla, fremu, foki, magurudumu na breki. Nililaza vipande chini ya kitanda siku tisa. Mama alipouliza lile sanduku ni la nini, nilisema ni mashine ya kuchapishia. Sijivunii.

Ni ya alumini. Kwanza kabisa unashangaa ukiiinua. Unajiandaa kwa uzito, halafu mkono unapaa. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma. Ugumu wake wa kupinda pia ni kama theluthi moja, ndiyo maana mabomba ya hii fremu ni manene kama mkono wangu: unene ndio unarudisha ugumu.

Hayo niliyajua kwa sababu nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili na nusu kabla sijaacha. Kuna mhadhara mmoja sijausahau. Mwalimu alichora mistari miwili ubaoni. Wa chuma ulishuka, halafu ukalala. Maana yake, ukikipiga chuma kwa nguvu iliyo chini ya kiwango fulani, kinaweza kuvumilia karibu milele. Mstari wa alumini haukulala. Uliendelea kushuka. Kila pigo, hata dogo, linahesabiwa.

Kwa hivyo nilikuwa nimenunua, kwa pesa nilizostahili kumrudishia mama, kitu ambacho nilijua kabisa kitakuja kuvunjika.

Breki ni Magura HS33, za mafuta, zinazobana rimu yenyewe. Watu wa trials huchukua grinda na kuikwaruza rimu ili breki iume. Sina grinda. Anayeijua kazi hiyo ni yule mzee wa Kariobangi, na sikuwa nimemwona tangu nianguke.

Nilikuwa namkwepa. Nilifikiri nikimwonyesha ile fremu iliyovunjika nitakuwa namwambia ni yeye. Na nikimwonyesha hii mpya nitakuwa namwambia jambo baya zaidi.

Nilienda na zote mbili.

Alianza na ile ya zamani. Alivaa miwani, akapitisha kidole gumba pale shingoni. "Weldi yangu haikuachia," akasema. "Tazama. Imekatika kando." Ilikuwa kweli. Ufa ulikuwa umepita pembeni mwa weldi, nywele chache tu kutoka ukingoni, pale chuma kinapopashwa moto bila kuyeyuka. "Hapa moto hubadilisha chuma," akasema. "Kinakuwa kingine." Miaka miwili na nusu ya karo, na mzee alinifunza kwa sentensi mbili.

Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Haikulia?"

Ililia. Wiki mbili nzima ililia. Kila nilipoegemea usukani, tik. Nilijua ni shingoni. Nilipaka grisi mahali ambapo haikuhitajika, nikaweka spika za masikio, nikaongeza sauti. Ni tabia yangu. Hata chuo niliondoka hivyo: notisi ya kwanza ya karo, ya pili, ya tatu, nikiziona kwa simu na kuzipitisha na kidole, mpaka siku ya mtihani jina langu likawa halipo kwenye orodha mlangoni. Watu huniuliza niliacha lini. Sijui la kuwajibu. Hakuna siku niliyoacha.

"Ililia," nikamwambia mzee.

"Sasa."

Hakusema zaidi. Alichukua ile mpya, akatazama weldi zake zilizopangana kama magamba ya samaki. "Huyu hakuwa na haraka," akasema, na nilisikia kwamba ni sifa ya fundi kwa fundi. Nilipomwambia akwaruze rimu alidhani nimerukwa na akili. "Rimu safi hivi unataka niiharibu?" Lakini aliikwaruza, polepole, akizungusha gurudumu, akaniomba nishike breki. Gurudumu lilikwama papo hapo na kupiga kelele kama bata aliyekanyagwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Alikataa pesa. Nikanunua chai.

*

Sasa kuhusu kuiendesha.

Asubuhi ya Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, mjengo ule ule. Soja wa pale ananijua. Alitazama mkono wangu kwanza, halafu baiskeli, akafungua geti.

Jambo la kwanza ni kwamba mbele ni nyepesi mno. Vyuma vya nyuma ni vifupi, na kranki imekaa juu ya mstari wa ekseli za magurudumu, tofauti na baiskeli ya kawaida ambapo huwa chini. Kwa hivyo hauko ndani ya baiskeli, uko juu yake. Ile ya zamani nilikuwa naivuta kwa mgongo wote ili isimame kwa gurudumu la nyuma. Hii niliivuta hivyo hivyo kwa mazoea nikaanguka chali. Soja akajifanya anaangalia lori.

Jambo la pili ni friwili. Kwenye baiskeli hii iko mbele, kwenye kranki, na ina mashiko 108 kwa mzunguko mmoja. Ile ya zamani ilikuwa na 18. Piga hesabu: zamani, nikikanyaga, pedeli ingeweza kusonga nyuzi 20 kabla cheni haijashika. Sasa ni nyuzi tatu na kidogo. Ukiwa umesimama ukingoni mwa jiwe ukitaka kuruka kwenda jingine, hizo nyuzi 20 ndizo nafasi ya kubadilisha mawazo. Sasa hakuna nafasi. Ukikanyaga, umeshaenda.

Jambo la tatu, na hili sikulitarajia, ni kwamba haina huruma. Chuma cha mzee kilikuwa na mchezo. Ukitua vibaya kiliyumba kidogo nawe, kama mtu anayekushika kiwiko. Alumini nene haiyumbi. Inakuambia ulivyotua, yote, moja kwa moja hadi kwenye kifundo. Niliacha tairi la nyuma likiwa laini ili limeze pigo, na hata hivyo baada ya nusu saa mkono ulikuwa unaniuma.

Breki ndizo bora kuliko vyote. Kidole kimoja. Unatua juu ya jiwe, unabana, na jiwe na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Miaka minne nilidhani sina mizani. Kumbe gurudumu lilikuwa linateleza.

Mawe matatu yalikuwa rahisi. Manne nilipata mara ya pili. Halafu nilienda kwa ule ukuta.

Niliupanda. Kupanda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa nikiwa juu, nimesimama, breki mbili zimebanwa, nikitazama pale chini nilipokuwa nimelala nikitafuta mkono wangu. Nilikaa hapo muda. Mtu wa trials anaweza kusimama bila kusonga na ionekane kama ustadi. Ilikuwa woga mtupu. Nilibonyeza usukani mara tatu, nikisikiliza shingo. Kimya. Nikageuza gurudumu, nikashuka kwa la nyuma, na baiskeli ikatua kwa ule mlio wake wa bata.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama getini na mfuko wa kanisa.

*

Hakusema kitu mpaka tukafika nyumbani. Aliketi kwenye cherehani yake, maana yeye hushona yunifomu za shule, na hufikiri vizuri akiwa hapo hata kama hashoni. Nilisimama mlangoni na baiskeli.

"Hiyo ndiyo mashine ya kuchapishia?"

"Ndiyo, mama."

"Kiti kiko wapi?"

"Haina kiti."

"Umeacha chuo, sasa hata kiti umeacha." Hakucheka, lakini nilijua tumepita mahali pabaya.

Nikamwambia yote. Bei, ambayo ilimfanya afumbe macho. Zile wiki mbili za tik. Nikamweleza alichosema mzee, kwamba chuma hakikukatika kwenye weldi, kilikatika kando yake. Nilitarajia aulize maana yake. Badala yake alichukua shati la mtoto kutoka kwenye rundo, lililoletwa kurekebishwa, akalinyoosha kwenye mwangaza.

"Ona," akasema. "Mshono mzima. Kitambaa kimechanika kando ya mshono. Huwa ni hivyo. Mwenye nguo huja kunilaumu mimi." Akaliweka chini. "Na hii nayo itavunjika?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na mazoea.

"Itavunjika siku moja. Lakini inaweza kulia kwanza. Na ufa mara nyingi huonekana, ukitafuta."

Tulikubaliana hivi: nitarudisha pesa za chama, elfu tatu kila mwezi, na nimeshalipa miezi miwili. Kila Jumamosi jioni ninaiosha baiskeli, ninafuta kila weldi kwa kitambaa cheupe alichonipa mwenyewe, mabaki ya shati, kwa sababu ufa huchelewa kuonekana lakini hunasa uzi. Mama haji kutazama. Anaendelea kushona. Nikirudi ndani ananiuliza swali moja, bila kuinua kichwa.

"Imelia?"

Wiki iliyopita nilisema hapana. Wiki hii nilisema kuna kitu nimesikia karibu na kranki, sijui ni nini, kesho nitaipeleka Kariobangi.

"Sawa," akasema. "Beba na chai ya mzee."