Kwa Baiskeli Kutoka Nzega Mpaka Mizabibu ya Ugogo

Katika nchi yetu ya Nzega baiskeli si kitu cha mchezo. Ndiyo punda wetu, na ndiyo gari letu. Hubeba madumu ya maji, magunia ya mkaa na ya mpunga, hubeba mgonjwa, hubeba na bibi arusi. Basi tuliposema kwamba twataka kwenda kwa baiskeli hata Ugogo kuitazama mizabibu, majirani walituuliza, "Mtabeba nini?" Tulipowajibu kwamba hatubebi kitu ila maji na nguo, walicheka sana.

Lakini ng'ambo jambo hili lina desturi yake. Katika vilima vya Toscana, nchi ya Italia, pana mji mdogo uitwao Gaiole in Chianti. Tangu mwaka 1997 watu hukusanyika huko na baiskeli za zamani, wakapita njia za changarawe nyeupe katikati ya mashamba ya mizabibu, wala hawatafuti faida ila furaha. Nasi twaona si upuuzi mtu kuipita nchi yake polepole. Apitaye kwa basi huuona mlima dirishani. Mwenye baiskeli huujua kwa magoti yake.

Tuliondoka mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, walimu wa dini wawili. Kutoka Nzega mpaka Dodoma ni zaidi ya kilometa 400. Baada ya Igunga nchi ni tambarare, nayo ni mbuga ya Wembere, yenye udongo mweusi ambao wakati wa masika hugeuka tope. Kisha barabara yainuka ghafula kwenye mlima Sekenke, ambao madereva wa malori huuogopa. Hapo tulishuka tukasukuma. Mbele yake ni Singida, nchi ya mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Kutoka Manyoni nchi yateremka katika Bonde la Ufa mpaka Bahi, ambako hulimwa mpunga, ndipo yapanda tena kwenda Dodoma.

Babu zetu Wanyamwezi waliifahamu safari hii kuliko sisi. Wao walipita kusini zaidi, kutoka Tabora, ambayo wageni waliiita Kaze, wakavuka pori la Mgunda Mkali lisilo na maji, wakaingia Ugogo, wakashuka Mpwapwa hata pwani. Burton na Speke waliofika Kaze mwezi wa Novemba 1857 walikuwa wametumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Mpagazi alichukua begani kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wagogo walitoza hongo kila msafara, na sababu yake yaeleweka: visima ni vyao, na maji ni haba. Zilipita pembe za ndovu, wakapita na watu waliofungwa minyororo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya wapagazi ilikwisha. Ukiuliza njia ile ilituachia nini, utaonyeshwa miembe. Mali ilikwenda pwani na ng'ambo. Bega lililoibeba lilibaki na kovu.

Tulikuwa tukiyawaza hayo tulipofika kwenye mizabibu. Yasimuliwa kwamba wamisionari wa Kiitalia waliipanda Bihawana, karibu na Dodoma, mwaka 1957, wapate divai ya misa. Baadaye Wagogo wenyewe waliipokea, na leo iko Mpunguzi, Mbabala, Hombolo, Makutupora na vijiji vingine vingi. Njia za kwenda huko ni za changarawe na mchanga, zikipanda na kushuka kati ya vilima vya mawe. Mwenye kutaka kuzipita na apunguze upepo kidogo katika mipira, asikamate breki ya mbele kwa ghafula penye mteremko, tena achukue vifaa vya kuziba pancha, kwa maana miba ya migunga haina huruma.

Mtu aweza kustaajabu kwamba mzabibu wapenda nchi kame namna hii, ambayo kwa mwaka hupata kiasi cha milimita 600 tu za mvua. Sababu ni jua jingi la mchana na ubaridi wa usiku. Mvua ikizidi, majani hushikwa na ubwiri, na matunda huoza. Tena kuna ajabu nyingine. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, basi kisu cha mkulima ndicho majira yake. Akiupogoa, huchipua, na baada ya miezi minne au mitano huwa na matunda yaliyoiva. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili, karibu na Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi hutaka maji ya kumwagilia, lakini zabibu zake ni tamu na hazina maradhi mengi.

Katika kijiji kimoja mama mzee alitukaribisha kivulini, akatupa zabibu nyeusi katika sahani. Tulimsifu kwa shamba lake. Akasema, "Asanteni, walimu wangu. Lakini zabibu si mtama. Mtama nitautia ghalani, ningoje. Hizi zikiiva, haziningoji mimi, wala haziwangoji wanunuzi." Akatueleza kwamba mwaka mmoja wanunuzi walichelewa, na matunda yakaanguka chini ya mizabibu, yakaliwa na nyuki na ndege. Mwanawe alikuwa amefunga makreti mawili kwenye keria ya baiskeli, ayapeleke barabarani, naye hakujua bei atakayoikuta huko.

Tulipomtazama kijana yule akisukuma mzigo wake mlimani, tuliwakumbuka wapagazi. Wao walibeba mali ya wengine kwa bei ya wengine. Huyu mali ni yake, lakini asiyeijua bei mpaka atue mzigo, ana tofauti gani kubwa na mpagazi?

Hata hivyo dawa ipo, nayo tuliiona. Baadhi ya wakulima wameanza kukamua wenyewe na kuuhifadhi mchuzi wa zabibu katika matangi safi. Zabibu huoza kwa siku chache. Mchuzi uliotunzwa vizuri huweza kumngoja mnunuzi. Lakini tangi ni ghali kwa mtu mmoja, na kazi yake yataka usafi na elimu. Wakiungana watu ishirini, laweza kupatikana.

Nasi wa Nzega tulimao pamba, mpunga na alizeti, neno hili latuhusu. Tusingoje mnunuzi aje kutuambia mali yetu ni kiasi gani. Tuulize bei kabla ya kulima, tujenge ghala pamoja, na watoto wetu wafundishwe hesabu za mizani. Tena kijana mwenye baiskeli na nguvu za miguu, kiangazi kijacho na aende akayaone ya Ugogo. Asibebe mzigo akienda. Akirudi atakuwa na habari za kuwapa wazee wake, na wazee watafanya vyema wakimsikiliza.