Jumba Lililokosa Mnunuzi

Nilipozuru Mji Mkongwe wa Unguja, dalali alinionyesha jumba kubwa la ghorofa ambalo bei yake ilikuwa imepunguzwa mara mbili, na bado halikupata mnunuzi. Sikushangaa. Kuta za mawe ya matumbawe hushikamanishwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, vyote huharibika. Tena mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hivyo mwenye nyumba hawezi kubomoa na kujenga apendavyo. Kinachopunguzwa katika bei hulipwa katika ukarabati.

Wanafunzi wangu, wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka. Tusingoje nyumba nyingine zianguke ndipo tuulize wajibu ulikuwa wa nani.