Shingo ya Twiga

Wewe usomaye kurasa hizi huenda umekwisha kuvaa maleba jukwaani, ukawa mfalme kwa taji la kadibodi au mzee kwa ndevu za pamba. Kama ndivyo, wakumbuka jinsi taji hilo lilivyokuteremkia machoni katikati ya maneno yako, na jinsi wenzako walivyocheka. Nataka kukusimulia habari ya vazi moja lililonitoa jasho katika nchi ya baridi.

Mwaka 2017 nilikuwa Marekani, katika mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, nikifundisha Kiswahili. Nilikaa kwa watu waliokuwa na mtoto wa kiume na binti wa miaka tisa. Kule, jioni ya tarehe 31 Oktoba, watoto hujigeuza sura, wakapita nyumba hadi nyumba wakidai peremende, na asiyetoa hutishwa kwamba atachezewa shere. Sikukuu hiyo huitwa Halloween, jina litokanalo na mkesha wa Watakatifu Wote, ambao huadhimishwa tarehe 1 Novemba. Lakini mizizi yake yasemekana kuwa mirefu zaidi. Watu wa kale wa Ireland walikuwa na sikukuu iitwayo Samhain, ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi, na iliaminiwa kwamba usiku ule mizimu hutembea. Wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti waliivusha bahari katika karne ya 19. Kwao walizoea kuchonga taa kwa mboga za mizizi. Marekani walikuta maboga, wakayaona makubwa na laini, wakayachonga hayo.

Maduka ya kule yamejaa mavazi tayari ya Halloween, mengi ya nailoni, ambayo huvaliwa usiku mmoja yakatupwa. Bibi mwenyeji wangu hakuyataka nyumbani mwake: kila mtoto alipaswa kutengeneza lake. Yule kijana alichukua mwavuli uliovunjika, akaukata katikati, akaushona kila upande mgongoni na mikononi mwa shati jeusi, akawa popo. Zile mbavu za mwavuli zilikunjuka na kukunjuliwa kama mbawa hasa. Kazi ya saa mbili! Nilimwonea wivu.

Binti alinijia na shauri lake mwenyewe. Alisema, "Mwalimu, nataka kuwa Mmasai. Utanifunga shuka nyekundu, nami nitajipaka rangi usoni niwe mweusi."

Nilikaa kimya. Mtoto yule alinipenda, na alidhani ananipa heshima. Tena nilikuwa mgeni, na mgeni hachagui maneno kama mwenye nyumba. Hata hivyo nilimwuliza, "Na asubuhi utaioga rangi hiyo?" Akajibu, "Ndiyo." Nikamwambia, "Mimi sioshi yangu, mwanangu, wala Wamasai ninaowafundisha hawaoshi yao. Wao si mizimu wala popo." Alinitazama kitambo, akaona haya, machozi yakamlenga. Mama yake alikuwa jikoni na alisikia yote; hakusema neno. Nilijuta kwamba nimemvunja moyo mtoto, lakini sikujuta nililosema, na mpaka leo ningesema vile vile. Basi ili kumfuta machozi nikatamka ahadi bila kufikiri: "Tutakutengeneza twiga, mrefu kupita kaka yako."

Ahadi ile ndiyo iliyonifunza kazi. Shingo ya kwanza tuliijenga kwa kadibodi juu ya kofia. Alipoivaa, kichwa cha twiga kiliinama mbele, na kichwa cha mtoto kikafuata. Ilianguka mara tatu, mara ya nne ikakatika. Nilielewa kosa langu: uzito wote nilikuwa nimeuweka juu ya shingo ya mtoto, mahali pasipoweza kuubeba.

Nilimweleza jambo ambalo lilimfurahisha kuliko vazi lenyewe, kwamba twiga, kwa urefu wake wote, ana mifupa saba tu shingoni, sawa na yeye. Hakuamini mpaka alipojishika kisogoni na kuanza kuhesabu. Ndipo akaamuru, "Basi nasi tutie saba." Tulikunja duara saba za waya, kubwa chini na ndogo juu, tukaziunganisha kwa vijiti vyembamba, tukavifunga vijiti hivyo kwenye shanta kuukuu la kupandia milima, lenye ukanda wa kiunoni. Sasa uzito ulishuka mabegani na nyongani. Uso wa mtoto ulichungulia katika tundu tuliloacha upande wa mbele wa shingo, akaweza kuona, kupumua na kusema.

Kichwa kilifanywa kwa karatasi. Tulijaza puto upepo, tukalibandika vipande vya magazeti vilivyolowekwa katika uji wa unga wa ngano, safu juu ya safu. Usiharakishe kazi hii. Safu ya pili ikiwekwa kabla ya ya kwanza kukauka, unyevu hunaswa ndani na kichwa huota ukungu; chetu cha kwanza kilinuka tukakitupa. Cha pili tulikiacha siku tatu karibu na joto la nyumba, kisha tukalipasua puto, pakabaki ganda jepesi kama yai tupu. Rangi alipaka mwenyewe. Nilimwonyesha picha ya twiga wa Samburu, ambaye mabaka yake hutengwa kwa mistari myeupe kama nyuzi za wavu, naye hakukubali msaada hata wa mstari mmoja. Mkia tuliufupisha, maana kila kizingiti kilikuwa na boga lenye mshumaa ndani, na kitambaa kiburuzwacho hakina urafiki na mshumaa.

Usiku wenyewe upepo ulivuma. Sikuwa nimekumbuka kwamba shingo iliyovikwa kitambaa ni tanga. Mtoto alisukumwa pembeni kama mashua, na baba yake akampasulia matundu mgongoni mwa shingo kwa kisu cha mfukoni, palepale njiani, tukaendelea. Kila mlangoni alipiga magoti ili kichwa kipite chini ya taa. Bikizee mmoja alimwuliza yeye ni nani. Akajibu kwa sauti kubwa kwamba yeye ni twiga wa Samburu, na kwamba ana mifupa saba tu, na kama bibi haamini ahesabu.

Kichwa kile hakikuingia sandukuni nilipokuwa narudi Kenya. Nilikuja na masikio peke yake. Yako kabatini darasani kwangu, na katika mchezo wetu wa mwisho yalivaliwa na punda.